Kuku wa Kukomboa Nyumba ya Shanwe

Siku ya kuniaga kazini, mshereheshaji alinikabidhi kipaza sauti, kisha akaninyang'anya kabla sijafika mbali, eti keki inayeyuka. Nikapewa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amepata ruhusa ya kutojali ni saa ngapi. Basi yale niliyonyimwa kuyasema nayaandika hapa, kwa ajili yenu vijana mliobaki ofisi ya ardhi, mnaodhani kazi yetu ni ramani. Vyeo sitavieleza. Nilivyopewa mnavijua, nilivyorukwa navijua mwenyewe, na sote tuliovigombania tumeshazeeka.

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka chuoni Tabora, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino kirefu. Mpima ardhi wa ofisi wakati huo alikuwa Mzee Filbert, mtu mkavu, mwenye sauti ya padri na ulimi wa dalali wa ng'ombe. Aliviangalia viatu vyangu, akaniuliza, "Mwanangu, hivyo ni vya kupimia kina cha udongo?" Siku hiyo hiyo akanipeleka kijijini Kakese, masika, kwenye tope. Nilirudi pekupeku nimebeba viatu mkononi, na kesho yake nilikuta mabuti ya mpira juu ya meza yangu. Nimeyavaa mpaka yakaoza.

Vifaa vyetu vilikuwa mnyororo wa kupimia, panga, rangi nyekundu na mawe ya mipaka tuliyoyaita bikoni. Bikoni ni kitu kizito, na sisi tuliosomea mambo haya tunaamini hakuna mtu wa kukihamisha. Wenyeji hawakusomea. Mama mmoja wa Kakese aliling'oa la kwake akalifanya figa la tatu jikoni. Nikamwambia kwa ukali wa mtu mpya kazini kwamba hilo ni kosa kisheria. Akanijibu kwa upole, "Sawa dada, ngoja ugali uive, halafu ulichukue." Tukangoja. Ugali ulipoiva tukala, kwa dagaa, na mpaka wa kiwanja kile ukarudishwa mahali pake ukiwa na masizi.

Hati nazo nimezikuta pabaya. Nimekuta hati imeshonewa ndani ya godoro. Nimekuta nyingine imebandikwa nyuma ya picha ya harusi kwa gundi ya kushikia soli. Kwetu Mpimbwe nimekuta moja imefunika mtungi wa pombe, na mwenye nyumba akaomba tuiache mpaka pombe ichachuke. Kwa hiyo mtu akiwaambia hati imepotea, msiamini haraka. Hati nyingi hazipotei, zinapewa kazi nyingine.

Mzee Filbert alinifundisha jambo moja ambalo halimo kwenye mitaala. Kila lilipokuja suala la nyumba ya urithi, hakufungua jalada kwanza. Alikwenda kwa majirani, akaketi, akauliza msiba wa mwenye nyumba ulikwendaje. Nani alipika? Nani alinuna? Nani aliondoka bila kula? "Jalada linasema uongo kwa adabu," alikuwa akisema, "jirani anasema kweli kwa matusi." Mimi nilicheka kama mnavyocheka nyie sasa. Siku hizi mna vifaa vinavyoongea na satelaiti, na ni vizuri sana. Lakini satelaiti haijawahi kuhudhuria msiba.

Sasa niwaeleze nyumba ya mtaa wa Shanwe, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba mzee yule hakuwa anapoteza muda kwa kupenda chai za watu. Ilinijia mwishoni mwa utumishi wangu, wakati Mzee Filbert alikwishalala makaburini na mimi ndiye nimebaki kuitwa Mama Ardhi.

Aliingia ofisini mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mtulivu, amesindikizwa na dalali aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mwanamke huyo ni Mama Neema. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi, akakulia hapo, akaolewa hapo, akafiwa na mume hapo, na uraia akaupata akiwa mtu mzima. Alikuwa ameuza mpunga na ng'ombe wake wote ili anunue nyumba mjini. Nikamuuliza kwa nini nyumba kuukuu, wakati viwanja vipo.

"Baba yangu alilima shamba moja mpaka akafa," akasema. "Na siku zote watu wanamuuliza, nyie mtaondoka lini? Mimi nataka nyumba iliyozoeleka, watu wanaijua. Na nataka karatasi yenye jina langu. Nikiulizwa nitaondoka lini, ninaionyesha, halafu naendelea kupika."

Dalali akadakia, "Mama Ardhi, hili dili limeshaiva. Hati imepotea tu, basi. Tunaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, wenye nyumba wanachukua chao, mambo freshi."

Nikamwambia freshi ni maziwa, na hata hayo huganda. Nikamgeukia Mama Neema nikamweleza polepole. Kwa jalada letu, hati ilikuwa na jina la Mzee Desideri, na Mzee Desideri alikwishakufa, maiti haisaini. Watoto wake hawana cha kuuza mpaka wakae kikao cha ukoo, wafungue mirathi mahakamani, na mahakama imteue msimamizi. Kabla ya hapo, akitoa hela kwa mtu yeyote, atakuwa amenunua ugomvi wa familia ya watu, na ugomvi hauna vyumba. Dalali aliaga akasema ana dharura. Mama Neema alibaki.

Tulikwenda wote kuiona. Ilikuwa nyumba nzuri iliyosahauliwa: bati limeliwa na kutu, mbuzi wa mtaa wamejigawia baraza, na mpapai umeota sebuleni ukatokeza kichwa kwenye tundu la paa. Mlango wa mbele ulikuwa mzima, umefungwa kwa kufuli kubwa la zamani. Kilichonishangaza ni hilo kufuli. Dirisha la nyuma lilikuwa halipo kabisa, mtu yeyote angeweza kuingia, lakini mlango haukuguswa. Nikamkumbuka Mzee Filbert. Nikaenda kwa jirani, Mama Joze, aliyekuwa akikaanga maandazi, nikamuuliza msiba wa Mzee Desideri ulikwendaje.

Mama Joze alicheka mpaka akaacha andazi moja likaungua. "Kwani nyie hamjui? Huo msiba haujaisha."

Kwa nyie mliokuja kutoka mbali: Wafipa na Wanyamwezi ni watani. Mzee Desideri alikuwa Mfipa, na mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Kakese. Maisha yao yote walitukanana kwa mapenzi. Mmoja akiugua, mwingine huja kumpima urefu wa jeneza. Siku ya msiba, Maganga alifanya kazi ya mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akaigiza anavyotembea, akawachekesha wafiwa katikati ya kilio. Kisha, watu walipotoka makaburini, wakamkuta amefunga mlango, amekalia kizingiti, ufunguo kautia mfukoni, sanduku la bati la marehemu kalipakata. Akatangaza kwamba nyumba ameitaifisha mpaka akombolewe kwa kuku.

Hapo kila mahali duniani kuku angeletwa, watu wangecheka, mambo yakaisha. Lakini marehemu aliacha watoto wawili tu, Kaspari na dada yake Skola. Kaspari akasema yeye amenunua jeneza, kuku ni wa Skola. Skola akasema yeye amemuuguza baba mpaka mwisho, kuku ni wa Kaspari. Wakaanza kuhesabiana, wakafika mpaka mambo ya utotoni. Maganga alikaa pale kizingitini mpaka matanga yakaanuliwa, akaona haletewi kitu, akabeba sanduku na ufunguo akaenda zake Kakese. Kaspari akarudi Sumbawanga. Wawili hao hawakusemeshana tena. Na mlango hakuna aliyethubutu kuuvunja, maana mtani asipokombolewa, msiba uko palepale, na nani anataka kuvunja mlango wa msiba?

"Na hilo sanduku lilikuwa na nini?" nikamuuliza Mama Joze.

"Kila alichokuwa nacho yule mzee, hadi hati," akasema, akigeuza maandazi.

Mama Neema akashika kichwa. "Mana yanje," akasema, yaani Mungu wangu kwa Kirundi. "Nyumba imekufa kwa sababu ya kuku?"

Tulimkuta Mzee Maganga Kakese, mzee mwembamba, macho ya utundu, ufunguo ameuning'iniza shingoni kama rozari. Alikuwa ameupaka mafuta unang'aa. Alitutolea vigoda, akaniambia amesikia habari zangu na alidhani mimi ni mrefu.

"Mimi siyo mwizi," akasema kabla sijauliza. "Mwizi anaficha. Mimi nimevaa ufunguo shingoni, kanisani wananiona, sokoni wananiona. Sanduku liko chini ya kitanda, sijalifungua. Walete kuku."

Mama Neema akasema yeye atamleta kuku, hata leo. Maganga akatikisa kichwa. "Wewe siyo mfiwa. Waje wale wawili, pamoja. Na siyo kuku mmoja tena. Nyie serikali mtu asipolipa kodi ya ardhi mnampiga riba. Kuku wangu naye kakaa sana. Ameshazaa."

Nikamwambia sheria ya ardhi haina mahali panapotaja kuku. "Ndiyo maana haiwafikii watu," akanijibu, akaniomba ugoro.

Hapo nilikuwa nimebanwa kitaalamu, na naomba mfikirie vizuri mngefanya nini. Hati ikipotea, kuna njia: taarifa ya polisi, kiapo, tangazo, kisha nakala mpya. Lakini huwezi kuapa hati imepotea wakati unajua iko chini ya kitanda cha nani. Ningeweza kumpeleka mzee yule polisi, na Mzee Filbert angefufuka kunizaba kofi. Nikaamua tuanze na mirathi, kuku atafuata.

Ilikuwa kazi. Skola niliishi naye mji mmoja, nikamwendea mara nyingi. Kaspari alikuja kutoka Sumbawanga kwa likizo ya mwisho aliyokuwa nayo, amenuna tangu kituo cha basi. Aliniambia wazi: shauri likikwama, anarudi, hatakanyaga tena Mpanda, na nyumba ianguke wagawane vumbi. Nilimwamini. Kikao cha ukoo kilifanyika akiwa ameketi amempa dada yake mgongo. Wakakubaliana Skola awe msimamizi, tangazo likabandikwa Mahakama ya Mwanzo, na sote tukangoja tarehe. Mama Neema alikuwa amepanga chumba Shanwe, mkabala na ile nyumba, na kila jioni alikwenda kuwafukuza mbuzi wa watu kutoka kwenye baraza ambayo haikuwa yake. Nilimwonea huruma kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya shauri na mimi nilikwenda, si kikazi, kwa umbea tu. Hakimu alikuwa mwanamke kijana kutoka Pwani. Akauliza kwa mazoea kama kuna mwenye pingamizi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Maganga amevaa kofia ya marehemu, ufunguo kifuani, sanduku la bati kichwani.

"Lipo," akasema.

Hakimu akamuuliza yeye ni nani wa marehemu. "Ni mtani wake, mheshimiwa. Marehemu amezikwa nusu. Nusu nyingine ninayo hapa."

Watu wakaangua kicheko, karani akapiga meza. Hakimu akamwangalia mzee, akauliza kabila lake. Mnyamwezi. Basi nikaona mdomo wa hakimu unacheza, maana yeye alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa siku nyingi.

"Mzee Maganga," akasema, "shukuru nimevaa joho. Tungekuwa nje ningekujibu inavyokustahili."

"Nitakusubiri getini, mheshimiwa," Maganga akasema.

Hakimu akainama kwenye karatasi zake hadi uso ulipotulia. Kisha akasema pingamizi halina msingi wowote kisheria, na mali ya marehemu irudishwe kwa warithi mara moja. Maganga akalitua sanduku bila ubishi, akauvua ufunguo, akauweka juu yake. Niliona aibu usoni mwa Skola. Alipata kila kitu alichokuwa akidai, lakini hakunyoosha mkono kukichukua. Hakimu naye aliona. "Uamuzi wa kuteua msimamizi nitausoma baada ya chai," akasema. "Mahakama haitashangaa ikirudi ikasikia kuku."

Kaspari alikuwa akiangalia ukuta. Nilijua hapo ndipo nyumba inaposimama au kuanguka, na Mama Neema alijua pia. Alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vyangu vimekufa ganzi. Skola ndiye aliyesema, bila kumgeukia kaka yake: "Sokoni wanauza majogoo, lakini mimi sijui kuchagua. Baba alikuwa anakutuma wewe."

Kaspari akainuka. Walitoka pamoja. Walirudi na jogoo na mitetea miwili, Skola akilalamika kwamba huyu kaka ni bahili, amebishana bei na bibi kizee mpaka bibi karibu alie, na Kaspari akisema jogoo angekuwa mwekundu kama dada asingekuwa na haraka. Walipomkabidhi Maganga, mzee akavua kofia ya rafiki yake akampa Kaspari. Kaspari akaikataa, akasema akae nayo, kisha akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya mahakama. Skola akamkumbatia. Na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Uteuzi ukasomwa huku jogoo akiwika chini ya benchi.

Yaliyofuata yamo kwenye miongozo yenu: mthamini, wakili, mkataba, malimbikizo ya pango la ardhi, kodi ya mauzo, uhamisho. Warithi walilipa ya nyuma kutoka kwenye bei, kama inavyotakiwa. Nawakumbusha moja tu mnalolisahau. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, na nyumba iliyokaa gizani muda mrefu ina deni linalomngoja mtu wa kwanza kununua umeme. Hilo tulilisahau hata sisi. Mama Neema alinunua umeme wa kwanza, akapata uniti za kuwasha taa, kuona ukuta, na kuzima. "Umeme wangu kaula nani?" akanipigia. Nikamwambia nyumba yake ilikuwa na njaa. Skola alimrudishia hela.

Hati yenye jina lake ilipotoka, nilimpelekea mwenyewe siku anahamia. Hakuisoma; alipitisha kidole juu ya jina lake, akaikunja kwenye mfuko wa nailoni, akaanza kubeba masufuria. Alipofika mlangoni akasimama. Mzee Maganga alikuwa amekalia kizingiti, kofia kichwani, miguu kainyoosha.

"Hapiti mtu," akasema. "Wewe nani? Umetoka wapi? Nikomboe."

Mama Neema alibadilika rangi. Niliona maneno yale yalikompiga: umetoka wapi, ndilo alilokuwa akiulizwa maisha yake yote. Akanigeukia, machozi yamemjaa, akauliza kama hati ina kasoro. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwamba hati haina kasoro hata kidogo. Nikamwambia aangalie anavyoketi yule mzee. Mgeni huku kwetu hukirimiwa, hupewa kigoda na maji. Anayezuiwa mlangoni na kutukanwa ni mtu wa nyumbani.

Akaelewa polepole. Akatua masufuria, akatoa mwiko, akamsimamia mzee.

"Kaa hapohapo," akasema. "Mlinzi nilikuwa natafuta. Mshahara sina, chakula ni ukoko, na mbuzi wakiingia nakukata wewe."

Mama Joze aliangusha karai la maandazi kwa kucheka. Maganga aliinuka akamwamkia Mama Neema kwa heshima zote, na tangu siku hiyo hakupita Shanwe bila kuingia kumtukana.

Masika ya mwaka nilioagwa kazini, Mzee Maganga alifariki. Nilikwenda Kakese kuzika. Tuliporudi kutoka makaburini, watu wamechoka, wametulia, tukakuta mlango wa nyumba yake umefungwa. Mama Neema alikuwa amekalia kizingiti, kofia ya Mzee Desideri kichwani, ufunguo mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Hapiti mtu," akasema. "Nataka kuku wangu."

Mtoto mkubwa wa Maganga alikimbilia bandani. Hakuuliza nani alinunua jeneza.